Sudusi ya Farasi

Nilipewa kalamu kwa sababu ya mwandiko.
Matanga yameanuliwa jana, mikeka imeegemezwa ukutani,
na mjomba Bwanaheri anataka orodha
ya alichoacha mwanawe Lali, kimoja kimoja, kabla ya kugawa.

Baiskeli moja, breki ya nyuma haishiki.
Kanzu tatu. Simu, kioo kimepasuka pembeni.
Deni kwa Twalib muuza bando: elfu sita.
Hapo Somoe, dada wa marehemu,
akasema bila kuinua uso:
"Na farasi."

Farasi gani, kwenye kisiwa cha punda?

Wa buluu, ana mbawa, yumo mchezoni.
Lali alimhangaikia miaka miwili,
kila baada ya isha akipigana na majitu
mpaka tokeni za stima zikatike.
Ana na nyumba, ghorofa mbili juu ya jabali la theluji,
na sarafu laki tatu na arubaini elfu
zisizonunua hata mkate wa mofa hapa Mtamwini.

Nikaandika: Farasi, mmoja.
Nikafuta.

Mjomba aliuza boriti ujana wake wote.
Aliuliza neno moja tu: "Huuzika?"
Somoe akatupitishia simu. Mtu wa Manila,
asiyejua kuwa Lali yuko mchangani,
anatoa elfu arubaini na mbili.

Aliyekuwa akicheka akaacha.
Elfu arubaini na mbili ni mabati ya jiko,
na chenji.
Kumbe kitu kikipata mnunuzi
huota nyama, huota kwato, huanza kunuka jasho.

Nikapiga hesabu ukingoni mwa karatasi.
Deni kwanza. Inabaki thelathini na sita.
Baba, thelathini. Mama, sudusi: elfu sita.
Kwa farasi huyu
mama mzazi na Twalib wa bando wametoka sawa.

"Sudusi ya farasi ni ipi?" mama akauliza nyuma ya pazia.
"Ukwato? Ubawa?
Mimi siyui. Nipani pale alipokuwa akimshika."

Kwa udhia wangu wa ukarani nikafungua masharti ya kampuni,
kurasa ambazo Lali alizikubali kwa kidole gumba.
Yasema mchezaji hamiliki kitu. Ameruhusiwa tu.
Wenyewe wakichoka watazima, na hakuna wa kumshtaki.
Nikamsomea mjomba, nikidhani nimemaliza kazi.
Akatoa cheko kavu.
"Shamba la Hidabu tunalilima tangu babu yangu.
Hati yake umepata kuiona?
Andika farasi."

Nikaandika.

Usiku Somoe akaingia kwa neno la siri la kaka yake.
Alikuwa amewaarifu wenzake wa kikosi, sentensi moja,
kwa Kiingereza cha kidato cha pili.
Tukawakuta mlangoni pa ile nyumba,
thelathini na kenda, wamesimama kwenye theluji,
wamevua kofia zao za chuma.
Chini wameweka maua, na kila ua lina bei,
pesa ya kweli, ya kazini kwao, ya mifukoni mwao.
Mmoja aliweka ngao iliyomchukua mwaka kuipata,
kisha akarudi nyuma, mikono mitupu,
katika nchi ambayo mikono mitupu ni kifo.
Hakuna aliyejua Fatiha. Walisimama tu.

Mama alikuwa ametoka pazia, hatukumsikia.
"Hawa ni nani?"
"Jamaa zake, mama."
Akawatazama mmoja mmoja, kama anayehesabu sahani.
"Wametoka mbali hivi," akasema, "na hatukuwapikia."

Mjomba alikunja orodha, akaitia mfuko wa shati.
Hajasema auzwe. Hajasema asiuzwe.
Twalib amepita mara mbili, kasalimu tu, kapita.

Asubuhi hii simu imelia tena, ni yule wa Manila:
elfu arubaini na tano.